Kalemie: Wakati motere inalia vizuri lakini batri inakufa

Ilibaki kama saa moja tufike Kalemie wakati taa zilianza kufifia. Ile nyeupe ya nyuma ilitangulia, ikawa ya manjano kama mshumaa. Kisha nyekundu na kijani za mbele zikazimika zote mbili kwa mara moja. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya upepo, na giza lilikuwa limekwisha kuingia juu ya Ziwa Tanganyika. Jambo lililonishangaza ni motere yenyewe: haikubadilisha sauti hata kidogo. Iliendelea kulia na kusukuma mtumbwi kama vile hakuna kitu kilichotokea.

Mbele yetu kulikuwa wavuvi wa ndagala, mitumbwi yao imefungwa miwili miwili, wavu katikati, taa zikiwaka juu ya maji. Sisi tuliwaona vizuri. Wao hawakutuona. Nahodha alipunguza mwendo, kijana wake akasimama mbele akipunga tochi ya simu, na abiria wengine nao wakawasha simu zao. Tulipita karibu sana na kundi moja la wavuvi, mpaka tukasikia matusi yao waziwazi, na kusema kweli walikuwa na haki.

Mwenye mtumbwi, tulipofika, alikuwa na maelezo tayari: batri ni mbaya. Ilikuwa ya pili kununua katika muda wa miezi michache, na alikuwa anahesabu fedha ya tatu. Wauzaji wa batri, kwa maoni yake, wanaleta vitu vibovu siku hizi. Nilimwomba kesho yake nifuatane naye kwa fundi, kwani nilitaka kujua namna gani motere inaweza kuwa nzima na taa zife.

Fundi huyo anafanya kazi kando ya maji, chini ya mti, na sanduku la vyombo na mapipa mawili yaliyokatwa juu. Wateja wake karibu wote wana motere za zamani za mipigo miwili, zile zinazokunywa esansi iliyochanganywa na oli, nyingine zimeingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Kabla hajagusa kitu aliuliza swali moja tu: batri ilitolewa lini mara ya mwisho, na nani aliirudisha? Mwenye mtumbwi aliona ni swali la ajabu. Jibu lake lilikuja kuwa la maana baadaye.

Ndugu msomaji, ili kufuata kazi ya fundi inafaa kujua kwanza umeme wa motere hizi unatoka wapi. Juu kabisa ya motere, chini ya kifuniko, kuna gurudumu zito la chuma linaloitwa volani. Ndani yake kumebandikwa sumaku. Volani ikizunguka, sumaku zinapita juu ya nyuzi za shaba zilizoviringishwa, yaani statori, na hapo umeme unazaliwa. Lakini katika motere nyingi za zamani, nyuzi zinazolisha buji ni mbali, na nyuzi zinazolisha batri na taa ni mbali. Ni kama nyumba moja yenye milango miwili. Mlango wa batri ukifungwa, ule wa buji unabaki wazi, na motere inaendelea kulia. Ndiyo sababu watu wengi hawagundui shida mpaka usiku. Motere mpya za mipigo minne zenye kompyuta ndani haziko hivyo. Hizo batri ikilegea zenyewe zinalegea.

Umeme unaotoka kwenye statori haufai kwa batri moja kwa moja, kwani unakwenda na kurudi, mamia ya mara kwa sekunde. Unapita kwanza katika kipande kidogo kinachoitwa redresa, chenye diodi nne ndani, ambacho kazi yake ni kuruhusu umeme uende upande mmoja tu. Katika motere nyingine redresa imeunganishwa na regulateri, inayozuia umeme usizidi. Katika nyingi za zamani hakuna regulateri kabisa: kinachozalishwa chote kinaingia batri, upende usipende.

Fundi alianza na batri, ambayo ilikuwa imelala bila kazi tangu usiku. Aliweka multimetri kwenye volti: 12.1. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha kama 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.2 iko nusu, na ikishuka chini ya 12 ni kama tupu. Basi hii ilikuwa na njaa. Kuwa na njaa si kufa, alisema, na hapo mwenye mtumbwi alikunja uso kwa mara ya kwanza.

Jaribio la pili lilikuwa la nguvu. Alibonyeza demarere huku akiangalia mita. Volti zilishuka, hilo ni la kawaida, lakini hazikwenda chini ya 10. Batri iliyokufa kweli, hata ukiichaji usiku mzima, inaanguka chini ya hapo mara tu unapoipa kazi nzito. Lakini demarere ilizunguka kwa uvivu kama mzee anayepanda mlima, na fundi hakupenda. Alichukua waya mmoja wa mita akauweka kwenye ncha ya hasi ya batri, mwingine akaugandamiza juu ya mwili wa motere, akaomba kijana abonyeze tena. Mita ilionyesha karibu volti 2.

Kwa mtu asiye fundi hiyo ni namba tu. Kwake ilikuwa habari nzima. Kati ya hasi ya batri na chuma cha motere kuna waya mnene mmoja, ule mafundi wanaita masi. Ukiwa mzima, hata demarere ikivuta kwa nguvu, mita haipaswi kuonyesha zaidi ya sehemu ndogo ya volti. Volti 2 maana yake umeme unapotea njiani. Alifungua nati ya masi: chini yake kulikuwa unga wa kijani na kutu. Alisugua kose, nati na mahali pa kukaa mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Demarere ilizunguka kwa nguvu mpya. Kazi ya dakika kumi na kipande cha msasa.

Hapa ndipo ningeweza kumaliza makala na kila mtu akafurahi. Mafundi wengi pia wangemaliza hapo, wakapokea fedha yao. Lakini huyu aliweka motere ndani ya pipa la maji na kuiwasha. Pipa si mapambo: pampu ya maji ya motere hizi ina gurudumu la mpira ndani, na ukiiwasha juu ya nchi kavu, muda mfupi tu unatosha kuliunguza. Kisha unakwenda kutafuta shida ya umeme na unarudi na shida ya joto.

Motere ikilia polepole, batri ilionyesha 12.1. Akaongeza mwendo. 12.1. Hapo ndipo tulijua. Motere inayochaji inapaswa kupandisha volti za batri mara inapopata mwendo, mpaka kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikiwa mita haitingishiki, hakuna kinachoingia. Na ikipita 15 na kuendelea kupanda, hiyo ni shida ya upande mwingine: batri inachemka, maji yanakauka, harufu ya mayai mabovu inatoka. Kwa motere zisizo na regulateri safari ndefu ya mwendo mkubwa inaweza kufanya hivyo hata kama hakuna kilichoharibika, na ndiyo sababu batri ya kufungua vifuniko na kuongeza maji safi yaliyochujwa kwa mvuke inazifaa kuliko ile iliyofungwa kabisa.

Alitafuta fyuzi. Mahali pake alikuta kipande cha waya wa shaba kilichopindwa. Hakusema neno, alimwangalia kijana wa mtumbwi, na kijana akaangalia ziwa. Fyuzi ni uzi mwembamba unaokubali kufa ili vingine vipone. Ukiweka waya mnene mahali pake, umemwondoa mlinzi na kuacha mlango wazi. Kila mtu anayefanya kazi na mitumbwi hapa amekwisha kuona waya kama huo, na kila mmoja anakueleza kwamba ulikuwa wa siku moja tu.

Swali la mwanzo lilirudi. Batri hii, kama nyingi za hapa, inabebwa mara kwa mara kwenda kuchajiwa katika nyumba za kuchajisha, kisha inarudishwa mtumbwini, mara nyingi alfajiri, kwa haraka, na kijana mwenye usingizi. Kijana alikubali kwamba siku moja, majuma kadhaa nyuma, alifunga nyaya kinyume: chanya mahali pa hasi. Aliona cheche, akageuza mara moja, motere ikawaka kwa kamba, akafikiri yamekwisha. Sekunde moja ilitosha. Umeme wa batri uliogeuzwa unapita diodi zote bila kuzuiwa, na kama hakuna fyuzi ya kukatika, diodi ndizo zinakatika.

Lakini fundi hakutaka kuamini hadithi bila kupima, na hapo nilimheshimu zaidi. Alichomoa nyaya mbili zinazotoka statori kabla hazijaingia redresa. Rangi zake zinategemea mtengenezaji: kwa Yamaha za zamani mara nyingi ni kijani, kwa Mercury ni njano, na kwa motere iliyopita mikono mingi rangi haisemi tena ukweli. Motere ikiwa imezimwa, alipima kwa omu kati ya nyaya hizo mbili: chini ya omu moja, jambo zuri, maana uzi haujakatika. Kisha kati ya kila waya na mwili wa motere: hakuna njia yoyote, vizuri pia. Kama kungekuwa na njia, statori ingekuwa inavuja ndani ya chuma. Aliwasha kwa muda mfupi, akageuza mita kwenye umeme wa kwenda na kurudi, na namba zilipanda pamoja na mwendo. Statori ilikuwa nzima.

Hilo lilikuwa la fedha nyingi. Mwenye mtumbwi alituambia kwamba fundi mwingine alikuwa amekwisha kumwambia anunue statori, bila kupima, na alikuwa anaitafuta mpaka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma. Statori ndiyo pyesi ya bei zaidi katika njia hii yote, na kuibadilisha ni lazima kung'oa volani kwa chombo chake maalum. Wanaokosa chombo wanapiga nyundo, na nyundo inaweza kupasua sumaku ndani au kupinda mhimili. Statori iliyoungua kweli mara nyingi inajitambulisha kwa macho: gundi nyeusi inayoyeyuka na kudondoka kama lami, nyuzi zenye rangi ya kuungua. Na wakati volani imeng'olewa, inafaa kuangalia kama sumaku bado zimeshika. Katika motere za umri huo gundi inachoka, sumaku inaachia, inasaga kila kitu chini yake.

Ilibaki redresa. Aliitoa, akaweka mita mahali penye alama ya diodi. Diodi nzima inapitisha umeme upande mmoja na kukataa upande mwingine. Ikipitisha pande zote mbili, imeungana ndani, na ya namna hiyo inaweza kunyonya batri usiku kucha mtumbwi ukiwa umefungwa ufukoni, au kuunguza statori. Ikikataa pande zote mbili, imekatika. Alipima moja baada ya nyingine, akigeuza nyaya za mita kila mara. Tatu kati ya nne zilikataa pande zote.

Kwa hiyo batri haikuwa na kosa lolote. Kwa majuma yote hayo motere haikuiongezea hata tone. Ilikuwa inatoa tu: demarere, taa, pampu ya kutoa maji ndani ya mtumbwi, simu za abiria. Ilipokwisha, iliitwa mbovu, ikanunuliwa nyingine, nayo ikaisha.

Nilimuuliza fundi kama kuna dalili ambayo nahodha angeweza kuona mapema bila mita. Kuna moja, kwa wale wenye saa ya kuonyesha mizunguko ya motere: katika motere nyingi saa hiyo inasoma umeme huohuo wa statori, basi ikianza kucheza au kulala kwenye sifuri wakati motere inalia vizuri, ujue njia ya kuchaji ina tatizo. Ya pili ni taa yenyewe. Usiku, ongeza mwendo ukiangalia taa: ikiongeza mwanga kidogo, kuna kitu kinaingia. Na kuna jambo alikataza kwa ukali, ambalo nimeona likifanywa mbele ya watu wengi kama ufundi: kufungua waya wa batri motere ikilia ili kuona kama inajitegemea. Umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu, na redresa iliyokuwa nzima inakufa hapohapo.

Kuna wavuvi wawili waliokuwa wanasikiliza wakauliza swali langu kabla sijauliza. Wao motere yao inachaji, mita inaonyesha 14, lakini batri ya taa za ndagala haijai hata siku moja. Kwao hakuna kilichoharibika. Hesabu ndiyo haikubali. Motere ndogo za zamani nyingi zinatoa ampere 5 hadi 10 tu, tena zikiwa na mwendo mkubwa. Batri ya ampere 80 kwa saa iliyotumika nusu inadai 40. Ukienda saa moja na kurudi saa moja, kwa ampere 5, umerudisha 10. Deni linabaki 30, na usiku unaofuata linaongezeka. Fundi aliwashauri waache batri ya taa mbali na ile ya demarere, na waweke bamba la jua la wati 100 na kidhibiti chake. Jua likiwa kali linatoa kama ampere 5, sawa na motere ndogo, bila esansi. Batri ya gari pia haipendi kunyonywa mpaka mwisho kila usiku. Ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inaishi zaidi, ijapokuwa bei yake inaumiza.

Katika maziwa yetu, usalama unazungumzwa zaidi baada ya msiba. Ajali ya mashua Merdi, Oktoba 3, 2024, karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, iliua makumi ya watu mchana, mbele ya macho ya ndugu zao, na kwa haki kabisa watu walizungumza juu ya mzigo kupita kiasi na makoti ya kuokoa. Viongozi wamekuwa pia wakikataza mara kwa mara safari za usiku. Lakini upepo hausomi matangazo. Mtumbwi unaoondoka Moba kwa saa nzuri unaweza kukutwa na giza njiani, na hapo taa nyekundu ya kushoto, kijani ya kulia na nyeupe moja inayoonekana ndizo zinawaambia wengine uko wapi na unaelekea wapi. Sijaona mahali ambapo mtu anakagua taa hizo kabla ya kuondoka. Wanahesabu abiria, wanaangalia makaratasi, basi.

Redresa mpya ilipatikana sokoni siku iliyofuata, si ya kampuni iliyotengeneza motere, lakini ya volti na ampere zinazofaa. Fundi alipanguza rangi mahali pa kuifunga, kwani inapoza joto lake kupitia chuma, na nyingine zinapata masi yake hapohapo. Aliweka fyuzi ya kweli, na nyingine mbili ndani ya kikopo kidogo cha plastiki alichofunga kwa kamba pembeni. Pipa lilijazwa tena. Polepole: 12.8. Kwa mwendo: 13.9. Mwenye mtumbwi aliomba kuiona mara ya pili, akaishika mita mwenyewe.

Kijana alipewa kazi ya kupaka rangi nyekundu kwenye kose ya chanya na waya wake. Fundi alimwonyesha pia jambo la kutambua gizani kwa vidole: kwenye batri za gari zenye nguzo mbili za risasi, nguzo ya chanya ni nene kidogo kuliko ya hasi. Alimwambia afunge chanya kwanza na hasi mwisho, na wakati wa kutoa, hasi itoke kwanza, sigara ikae mbali, kwa sababu hewa inayotoka kwenye batri inayochajiwa inalipuka.

Ile batri ya kwanza, iliyotupwa kama mbovu, ilikuwa bado nyuma ya nyumba ya mwenye mtumbwi, imefunikwa na gunia. Waliipeleka ikachajiwa siku nzima na kuipumzisha usiku. Asubuhi ilionyesha 12.5. Sasa inawasha taa katika duka la dada yake, karibu na bandari, na nilipopita Jumamosi alikuwa amechomeka juu yake simu za wateja sita.